Alima na Mustari wa Tisa

"Fungua."

"Sifungui."

"Mama Ramla, fungua hilo furushi."

"Na miye nimekuambia mara saba, mudogo wangu, sifungui. Andika nguo za mutoto, piga mustari chini yake, tumalize. Weye ni mwandishi ao ni polisi?"

Shida, huyo Mama Ramla, alikuwa amelikalia furushi lenyewe. Hakulishika kwapani wala hakulifunika na kitenge. Alilikalia kweli kweli, kama kuku mwenye mayai, na Shida si mwanamuke wa kusukumwa na mutu mumoja. Mwaka jana pikipiki ilimugonga pale Birere. Pikipiki ndiyo iliyobebwa kupelekwa kwa fundi. Yeye aliokota nyanya zake akarudi nyumbani kupika.

Upande wa pili wa meza, Alima alishika biki ya kuandikia hewani. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya duane, ya watu wa forodha, ile ya kujaza wakati mutu anatuma koli, yaani muzigo, inchi za nje, na mistari minane ilikuwa imekwisha kujaa. Fretin kavu, samaki wadogo, kilo mbili. Sombe kavu, majani ya muhogo, nusu kilo. Vitenge viwili, vipya. Pilipili ya kusaga, chupa moja. Kila kitu alikitoa ndani ya boksi la karto, akakilaza juu ya mukeka, akakigusa, akakitaja kwa sauti, akakipima, akakirudisha. Nyama ya kukausha aliiweka pembeni kabisa, sababu Ubelgiji hawaipokei, na kwa hilo Shida alinuna kidogo tu. Ulibaki mustari wa tisa, na mustari wa tisa ulikuwa chini ya makalio ya Shida.

"Chabani wa mukokoteni anapita hapa saa nane," Alima alisema. "Akivuka mupaka bila koli yako, safari nyingine ni juma lijalo. Mutoto atafika arobaini hajapata kitu. Usije kusema ni miye nilimunyima."

"Ni weye! Nani mwingine? Weye na hiyo biki yako."

"Basi fungua."

"Ni furushi la muzazi, Alima! Weye ni mutoto wa watu wa Kasongo, usijifanye umezaliwa jana."

Alima alijua. Katika familia hizi za mutaa wa Majengo, zilizotoka Maniema zamani na biashara ya mawese, mwanamuke akijifungua, mama wa mume wake ndiye anayemufungia furushi. Analifunga peke yake, mulango umefungwa, na fundo lake hakuna mukono mwingine unaoligusa mpaka muzazi mwenyewe alifungue. Jicho la mutu likiona ndani kabla yake, wanasema heri yote imemwagika njiani. Ramla, binti wa Shida, alikuwa amejifungua mutoto mwanaume kule Liège, Ubelgiji, siku ishirini na tisa zilizopita. Mama wa mume wake, bibi muzee wanayemuita Koko Mwadjuma, alikuwa amefunga furushi kwa bulangeti la manjano, akamukabidhi Shida, na Shida alikuwa amelibeba kichwani kutoka kwa koko mpaka hapa bila kusalimia mutu njiani. Na hapa anakuta mwanamuke wa biki anasema fungua.

Koli inachukua siku kumi. Ishirini na tisa na kumi. Hata Shida, ambaye shule aliiona tu kutokea ng'ambo ya barabara, alikuwa amefanya hesabu hiyo kwenye vidole mara nyingi mpaka vidole vikachoka.

Lakini Alima naye hakuwa mugumu kwa sababu ya kupenda ugumu.

Baba yake alikuwa Aruna, dereva wa lori la viazi kati ya Kibumba na Goma, na Kifaransa chake cha kwanza Alima alikisoma kwenye karatasi za barabarani za baba yake: jina la muzigo, uzito, ulikotoka, unakokwenda. Alipofika miaka ishirini aliingia kwenye biro, ofisi ya mutu wa deklarasyo za duane, karibu na uwanja wa ndege, kupika chai. Mwaka wa pili aliyekuwa anaandika akaugua macho, wakamupa Alima biki siku mbili, na hiyo biki hakuirudisha miaka ishirini na mbili. Aliandika herufi ndogo hata sisimizi angepiga magoti kuzisoma. Wanasema aliweza kunusa koli iliyofungwa akakuambia ndani kuna nini, nani alifunga, na kama alikuwa amegombana na mume wake asubuhi ile.

Kuna samaki mumoja wa Vitshumbi ambaye mpaka leo anazungumzwa. Alikuwa mukubwa, wa moshi, na walimufunga na magazeti tabaka kumi na nne, akapelekwa Ulaya, Norvege, kwa mutoto wa mutu. Duane wa kule walipokata kamba, harufu ilitoka ikawasalimia mumoja mumoja kwa mukono. Mukubwa wao alikaa chini. Wangemutupa yule samaki kwenye bahari yao ya barafu, ila Alima alikuwa ameandika: samaki wa moshi, mumoja, ananuka sana. Walisoma, walinusa, waliona karatasi na pua vinapatana, wakamuacha apite. Anayebisha aende Norvege akaulize. Ile harufu bado iko kule, imepata makaratasi ya kukaa.

Vita ilipoingia muji na uwanja wa ndege ukafungwa, biro ikafa. Patron, mwenye biro, akakimbia na muhuri ndani ya soksi. Mume wa Alima alikuwa amekwisha kwenda zamani, Kindu, kuuza sabuni, na hakuna aliyemungojea tena. Alima akabaki na biki, rula, na karatasi za kunakili rangi ya buluu. Siku hizi koli zote zinatokea Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, na Papa Chabani ndiye anayezivusha na mukokoteni kwenye bareri ndogo, kile kizuizi cha mupaka. Akamupa Alima chumba chake cha mbao, meza, mizani ya kuning'iniza na mukeka. Kila mutu mwenye mutoto ng'ambo, kwa kweli hiyo ni Majengo yote, anapita kwa Alima kwanza.

Halafu likatokea jambo la muzee Cikuru.

Ilikuwa siku ya mvua, ile mvua ya Goma inayopiga bati mpaka mutu hasikii mawazo yake. Muzee Cikuru, mwalimu wa zamani kutoka upande wa Bukavu, alifika na koli imefungwa tayari. Fretin, alisema, kilo tatu, kwa mutoto wangu anayesoma Kanada. Alima alimuangalia: muzee analowana, kofia mukononi, mutu wa heshima. Akaandika fretin, kilo tatu. Hakufungua. Katikati ya fretin muzee alikuwa ametia dawa ya tumbo aliyosagiwa na dada yake, unga mweupe ndani ya mufuko wa sukari usio na jina. Kule walipouona, hawakuita daktari wa tumbo. Kijana alishikwa siku tisa. Walipogundua kama ni dawa tu, shule ilikuwa imekwisha kumufuta.

Muzee Cikuru hakuja kumulaani Alima. Lau angekuja kumulaani. Alikuja kesho yake na kikombe cha chai, akakiweka juu ya meza, akakaa kwenye benchi, akamutazama akinywa, akaondoka. Na kesho yake tena. Mwezi muzima. Alima alikunywa ile chai mpaka ikawa inamutoka machoni.

Tangu hapo haandiki kitu ambacho mukono wake haujagusa. Hata kama ni imamu. Hata kama ni mutu mwenye bunduki, na aliwahi kufika mumoja mwenye bunduki, akamwaga karto yake juu ya mukeka sawa na wengine, akahesabiwa chupi zake kwa sauti.

"Mama Ramla," Alima alisema sasa, sauti imeshuka. "Ndani kuna nini?"

"Sijui."

"Unatuma kitu usichokijua."

"Ninatuma kitu cha koko! Watu wote wanatuma vitu vya makoko. Tangu lini mutu anamuuliza Koko Mwadjuma ameweka nini? Muulize weye! Nenda umugongee mulango. Kuna mutu mumoja alimuuliza zamani, sasa huyo mutu anaishi Walikale na hataki kurudi."

"Miye sina shida na koko. Miye niko na shida na huu mustari hapa chini." Alima aligeuza karatasi, akaweka kidole. "Hapa wameandika ya kwamba mutumaji anahakikisha vyote ni kweli, na hakuna ndani kitu kilichokatazwa. Chini yake unaweka kidole chako. Chini ya kidole chako naweka jina langu na namba yangu. Na hapa juu kabisa, ona, jina la Ramla. Wakikuta kitu kibaya hawatapanda ndege kuja Majengo kututafuta sisi wazee. Watamuita yeye."

Shida alitazama jina la Ramla. Hakuweza kulisoma, lakini alilitazama.

"Makaratasi yao bado?" Alima aliuliza.

"Bado. Wameitwa mwezi ujao, yeye na mume wake Djibril. Ndipo watajua kama wanakaa ao wanarudishwa." Shida alifuta uso. "Warudi wapi? Nyumba yao ya Sake hata bati halipo."

Nje mutu alipita anauza mandazi, akaita, hakuna aliyemujibu.

"Linalokatazwa," Shida alisema polepole, "ni jicho. Koko alisema jicho. Hakusema mukono."

Alima alimutazama.

"Weye unataka kugusa, si vile? Kelele yote hii ni ya kugusa. Haya. Nitakufunga macho. Utaingiza mukono pembeni, pale bulangeti limeachana, bila kufungua fundo. Ugusapo, useme. Mukono wako utakuwa umefanya kazi yake, na kitu cha koko hakitakuwa kimeonwa."

Jambo la namna hiyo lingeweza kutoka tu kichwani mwa mutu aliyekalia furushi saa nzima. Alima alifikiri, akatafuta kosa ndani yake, hakuliona haraka. Na saa sita ilikuwa imekwisha kupita zamani.

"Nifunge."

Shida akainuka, na furushi likapumua. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akamufunga Alima macho, akakaza mara mbili, akamupungia mukono mbele ya uso kuona kama anaiba. Halafu akamutolea ulimi, kwa kuhakikisha kabisa. Alima hakusogea. Basi akamushika kiwiko, akauongoza mukono wake kwenye pembe ya bulangeti.

"Kitenge," Alima alisema gizani mwake. "Kimoja. Kimekatwa, ni cha kubebea. Koti ya sufu, ndogo. Soksi, peya moja, mbili. Kofia. Kijiko cha mbao. Shanga, hizi ni za kiuno. Sabuni, kipande, imetumika."

"Ya koko mwenyewe. Mutoto ajue harufu ya nyumbani."

"Sabuni, imetumika. Kitambaa kimefungwa, ndani kuna... ngoja. Mbegu. Za boga?"

"Za boga, ndiyo, za boga, anazipenda Ramla."

"Mbegu zitoke, watazichoma kule." Mukono ukaenda mbele, ukazunguka, ukafika chini kabisa, pale bulangeti lilikuwa limekunjwa mara tatu. Ukasimama.

Shida naye akasimama.

"Hiki ni nini?"

"Umesema utagusa. Hukusema utauliza."

"Mama Ramla. Ni ngozi."

"Ya mbuzi."

"Manyoya mafupi hivi? Yamelala hivi?"

"Ni mbuzi mwenye heshima."

"Na huyu mbuzi alikuwa na madoa?"

"Umefungwa macho, Alima. Hayo madoa umeyaonea wapi?"

Chini ya kitambaa mudomo wa Alima ulitaka kucheka, ukaanza kabisa, halafu ukaacha. Vidole vyake vilibaki pale pale. Kipande kilikuwa kidogo, mapana ya kiganja, na katikati kilikuwa kimelika kwa kushikwashikwa. Baba yake Aruna aliwahi kumuonyesha ngozi ya namna hii, kwenye kofia ya mukubwa mumoja wa Kasongo aliyepanda lori lake, akamukataza kuigusa, na Alima aliigusa. Mukono haukusahau. Ulimuambia wazi: chui, na ngozi ya chui sheria inaikataza. Lakini mukono hauoni rangi. Angeweza kuandika ngozi, moja, ndogo, na kwa sheria yake mwenyewe hangekuwa amedanganya mutu.

Akautoa mukono. Akavua kitambaa. Alitegemea kumukuta Shida anatabasamu, maana hakuna kitu Shida anapenda kama kumushinda mutu aliyesoma. Akamukuta amekaa chini juu ya mukeka, miguu imenyooka mbele, analia bila kufuta.

"Ulijua," Alima alisema.

"Nilijua."

"Uliniambia hujui."

"Ningekuambia nini? Ni ya babu wa Djibril. Watoto wote wa ule upande wamelazwa juu yake kabla ya arobaini. Wote. Djibril mwenyewe, dada zake, wote wako hai wanatusumbua." Shida alivuta pumzi. "Weye unamukumbuka yule wa kwanza? Wa Kampala?"

Alima alimukumbuka. Ramla na Djibril walipokimbia walipitia Uganda, na kule Ramla alizaa mutoto wa kike. Alikaa siku thelathini na moja. Habari ya musiba ilikuja kwa simu, Shida akiwa sokoni, na wanawake wa sokoni walimurudisha nyumbani ndani ya toroli ya unga.

"Koko hakusema ni makosa ya Ramla," Shida aliendelea. "Hakusema hata neno. Lakini tangu siku ile hajala kwangu. Anakuja, anasalimia, ninaweka chakula, anasema ameshiba. Miaka minne ameshiba. Juma lililopita aliniita, akanipa furushi, akanishika mikono yote miwili, akasema, safari hii mutoto wetu hatakwenda wazi. Safari hii. Unasikia? Na miye nikasema ndiyo, mama."

"Weye unaamini ile ngozi inafanya kitu?"

"Sijui." Shida alipiga goti lake kwa kiganja. "Sijui, Alima, na sitaki kujua! Huyu mutoto kesho kutwa yuko na siku thelathini na moja. Siku kama hiyo mutu anakaa kuulizana anaamini ao haamini?"

Alima alichukua simu, akamupigia Ramla. Rezo ya simu ilikuwa ya Majengo: vijiti viwili vinatokea, unapiga, vinakimbia. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu sauti ya mwanamuke ilisema kitu kwa Kifaransa, na haikuwa ya Ramla.

"Angekataa," Shida alisema. "Akijua, atakataa. Ndiyo maana hajui. Wala Djibril. Koko anasema simu zinasikiliza."

Alima akashika biki. Akavuta kipande cha karatasi ya kufungia sukari, akaandika pale kwanza, kwa kujaribu, maneno matatu ya Kifaransa. Akayatazama muda murefu.

"Umeandika nini?"

"Ukumbusho wa familia."

Shida akaruka kutoka mukekani kama musichana. "Si ndiyo! Ni ukumbusho! Ni wa familia! Hapo uwongo uko wapi? Alima, Mungu akuongeze miaka, akuongezee na mume, nilisema miye, huyu mwanamuke kichwa chake si cha kawaida. Andika!"

Alima hakuandika. Alisukuma karatasi ya duane mpaka mbele ya Shida, akafungua kile kikopo cha wino, akakiweka pembeni yake.

"Weka kidole kwanza," alisema. "Nitajaza mustari wa tisa baadaye, na maneno yale. Lakini nitakusomea unachowekea kidole, neno kwa neno, kama ninavyowasomea wote."

Akasoma kwa Kifaransa, kisha akasema kwa Kiswahili, bila haraka: miye niliyeweka jina hapa chini nahakikisha habari zote za karatasi hii ni za kweli, na koli hii haina kitu cha hatari, wala kitu kilichokatazwa na sheria.

Shida alilowesha kidole gumba kwenye wino. Kikawa buluu. Akakipeleka juu ya karatasi, kikafika karibu ya kugusa, kikabaki pale. Kidole cha Shida kilikuwa kimetiwa kwenye karatasi nyingi: za jeton, tikiti za chakula, za kambi ya Kanyaruchinya, za kura, za kuzika. Hakikuwahi kusita. Sasa kilikaa hewani mpaka tone la wino likaanguka kwenye meza.

"Wakifungua," aliuliza, "wanaona tu ni ngozi. Watajua ni ya nini?"

"Ile ni kazi yao. Watajua kabla ya kuitoa kabisa."

"Na watamuambia Ramla."

"Watamuita na barua. Barua itaingia kwenye ile fayili yao ya kuomba kukaa. Mwezi ujao atakapokaa mbele ya wakubwa, itakuwa juu kabisa."

"Kwa kipande kama mukate wa chai."

"Kwa unga wa tumbo wa vijiko vitatu, Mama Ramla, mutoto wa Cikuru alifutwa shule."

Shida alirudisha kidole. Akakifuta kwenye kitenge chake bila kuangalia, doa la buluu likabaki pale pajani. Alitazama furushi. Halafu alitazama mulango, halafu furushi tena.

"Lazima leo adanganywe mutu mumoja," alisema. "Duane ao mukwe mwenzangu."

"Duane haikuwahi kula kwako pia," Alima alisema.

"Usinichekeshe, nitakupiga."

Lakini alikuwa amekwisha kupiga magoti. Akashika fundo. Lilikuwa fundo dogo, gumu, limelowa mafuta ya mawese kidogo, na Koko Mwadjuma alikuwa amelipitisha mara tano. Shida alilijaribu na kucha, likakataa. Akalijaribu na rula ya Alima, likakataa. Mwisho akainama, akalishika na meno, akatikisa kichwa upande huu na upande ule, na Alima akamushikilia bulangeti. Lilipoachia, wote wawili walirudi nyuma kidogo, kama watu waliofungua mulango wa chumba cha mugonjwa.

Hakuna kitu kilichotoka. Zilikuwa nguo za mutoto, zimekunjwa na mutu mwenye subira, kila moja ndani ya nyingine. Chini kabisa, ile ngozi. Madoa matatu na nusu. Katikati hapakuwa na manyoya tena, palikuwa peupe na palaini kama shavu.

Shida aliichukua, akaigusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, mara moja tu, haraka. Kisha akaitia kifuani, ndani ya blauzi. Akachukua pia zile mbegu za boga.

"Andika sasa."

Alima aliandika mustari wa tisa. Nguo za mutoto, vipande sita pamoja na bulangeti. Shanga, kamba moja. Kijiko cha mbao, kimoja. Sabuni, imetumika. Chini akaweka alama kwenye kisanduku cha zawadi. Shida akaweka kidole, na safari hii kiliandika pande zote bila kusita, na Alima akaweka jina lake chini.

"Saa nane kasoro robo," Alima alisema. "Funga."

"Nifunge vipi?"

"Vile lilikuwa."

"Vile lilikuwa! Umeliona lilikuwa vipi? Miye nilikuwa na meno ndani. Weye ndiye uliyekuwa unaangalia."

"Mara tano, kutokea kushoto."

"Kushoto kwako ao kwangu? Alima, hili si fundo, hii ni saini. Ramla atalifungua, atamupigia picha koko, kama wanavyofanya sasa, kila kitu picha. Koko ataangalia picha, ataona fundo la mutu mwingine."

"Macho yake yamechoka. Hataona."

"Yamechoka kwa kusoma Korani. Kwa kuona makosa yangu hayajawahi kuchoka." Shida alishika pembe moja ya bulangeti kwa meno, nyingine kwa mukono, akawa anasema kupitia meno. "Na nitamuambia nini? Atauliza. Arobaini ikifika atauliza, alilazwa juu yake? Nitasema ndiyo. Nitasema analala vizuri. Na hiki kitu nitakiweka wapi? Ndani ya nyumba yangu? Chini ya kitanda changu? Kila siku nitakuwa nikijua kiko pale na mutoto yuko kule."

"Utamurudishia."

"Miye? Nimurudishie koko mukononi? Weye umelala? Labda nimungojee aje kula kwangu ndipo nimuambie, mama, ulipokuwa umeshiba..."

Pikipiki ilisimama nje. Walisikia mutu akishushwa, polepole, na dereva akisema, pole mama, pole, weka muguu hapa. Chabani hana pikipiki.

Mulango wa mbao ulisukumwa na fimbo. Koko Mwadjuma, ambaye tangu mvua za mwezi wa tatu hakuwa ametoka kiwanjani mwake, aliinama kupita chini ya kizingiti, akanyooka, na mukononi mwake kulikuwa na kofia ndogo nyeupe ya kufuma, bado ina sindano.

"Nimeikumbuka nimelala," alianza kusema, "nikasema hawajaondoka bado..."

Akaona bulangeti limetandikwa wazi juu ya mukeka. Akamuona Shida, na pembe ya bulangeti mudomoni.